Mistari Mia na Ishirini na Sita

Wambui wangu,

Mambo ya sweta nzito, pasipoti na namna ya kula ndani ya ndege nimemwachia shangazi yako. Amejaza karatasi mbili, mbele na nyuma, na ameyapigia mstari maneno "usiongee na watu ovyo" mara tatu. Mimi sina la kuongeza hapo. Uko mjini Kitale unasukwa nywele, na ninavyomjua msusi wako na mdomo wake, nina muda wa kuandika mpaka saa kumi na moja.

Ukirudi utakuta mambo mawili yamebadilika. Meza ya sebuleni haipo. Na zizi la ng'ombe, lile uliloniuliza juzi kwa nini nalibomoa nikakujibu kwamba limejaa kupe, limebaki mashimo ya nguzo tu. Halikuwa na kupe. Barua hii inahusu meza na zizi, na siku niliyokuambia unyamaze mbele ya watu. Nimeiweka juu ya kitanda chako makusudi. Isome leo. Ukingoja mpaka ndani ya ndege utakuwa umechelewa, kwa sababu kesho asubuhi kwenye maombi ya kukuaga kutakuwa na mgeni, na nataka ujue amefuata nini.

Nianzie kwa karatasi yako. Mwezi wa tatu uliandika ile insha ya kuomba nafasi ya masomo, ukaiacha juu ya meza ukaenda kukamua. Sijui uliisahau au uliiacha nione. Mimi ni mwalimu; karatasi yenye maandishi ikilala mbele yangu bila kalamu nyekundu, mkono unaniwasha. Nikaisoma. Kiingereza chako ni safi kuliko changu. Lakini sentensi ya kwanza ilinikalisha chini. Uliandika kwamba unataka kusoma habari za mvua za kale ndani ya miti mikongwe kwa sababu ulipokuwa na miaka kumi na miwili uliona mti ukilazimishwa kusema uongo.

Hukutaja nani aliulazimisha. Asante kwa heshima hiyo, lakini sikuistahili.

Unajua kwa miaka kumi nimekuwa nikijigamba kwamba wewe umeipenda kazi hii kwa sababu yangu. Nimewaambia walimu wenzangu, nimewaambia kanisani, nimemwambia hata yule mhariri wa gazeti ambaye hachapishi barua zangu tena: binti yangu aliniona nikisoma mti mbele ya baraza, na moto ukamwingia. Kumbe ni kweli kwamba ilikuwa kwa sababu yangu. Namna yake tu ndiyo sikuijua.

Ngoja nikueleze kisa chote kama nilivyokiishi mimi, kwa sababu wewe ulikiona kutoka urefu wa kifua changu.

Babu yako alitoka Nyeri na hisa moja katika kampuni ya kununua shamba la mzungu, na mimi nikiwa na miaka kumi na mitatu nilikuja juu ya lori, nimekalia gunia la mbegu. Kule kwetu Nyeri mwaka una mvua mbili: ya njahi, ile ndefu, na ya mwere, ile fupi ya mwisho wa mwaka. Mtu hupanda mara mbili, huvuna mara mbili. Baba akafika hapa na kalenda hiyo kichwani. Mwezi wa kumi akapanda maharage ya pili. Majirani kutoka upande wa Bungoma wakasimama kwenye ua wakimtazama. Mmoja akamwambia, "Mzee wa Nyeri, hiyo unazika ama unapanda?" Baba akaendelea kufukia. Mvua ya Kitale huanza mwezi wa tatu, hupungua kidogo mwezi wa sita, huendelea mpaka wa kumi au wa kumi na moja, halafu inafunga mlango. Desemba maharage ya baba yalikuwa makaratasi. Mwaka wa pili akapanda tena. Mwaka wa tatu akapanda tena! Alisema hakuna nchi ya Mungu isiyo na mwere. Mimi nilimcheka, kimyakimya kama tulivyocheka wazazi enzi zetu, na nikaapa kwamba nikisoma sitakuwa mtu wa kubishana na mawingu.

Nikasoma. Nikawa mwalimu wa jografia. Na kwa miaka ishirini nikasimama mbele ya dirisha ambalo nje yake mvua ilikuwa ikinyesha mfululizo kuanzia Machi hadi Oktoba, nikiwasomesha watoto wa Trans-Nzoia kutoka kitabu kilichosema kwamba Kenya ina misimu miwili ya mvua, ndefu na fupi. Waliandika hivyo kwenye mtihani na nikawapa alama. Mtoto aliyeandika alichokiona dirishani ningemkata alama. Mimi, ninayewatukana kila wiki watu wa Nairobi wanaoandika vitabu bila kuvuka Bonde la Ufa! Nilikuwa msemaji wao wa bure.

Sasa mti. Unaukumbuka ulivyosimama pale kwenye pembe ya shamba, mpakani na Mzee Simiyu. Mwerezi, cucu yako, mama yangu, aliuita mutarakwa na kuukata matawi ya kufukiza vibuyu. Mzee Simiyu alikuwa fundi wa mashine za kusaga, mtu wa Bokoli, alinunua kipande chake baada yetu. Hakuwa mgomvi. Alikuja mwaka ule nilipotangaza kwamba nitajenga zizi kwenye pembe ile, akabisha hodi, akavua kofia.

"Mwalimu," alisema, "pale chini ya mti kuna nyanya yangu. Mama wa baba. Alizikwa watu wetu wakiishi hapa, kabla wazungu hawajazungusha waya, na mti ulikuwa tayari na kivuli. Baba yangu alinionyesha nikiwa mdogo. Sitaki shamba lako. Niachie hatua kumi kwa kumi, usilime, usijenge. Basi."

Hatua kumi kwa kumi, Wambui. Ningeweza kumpa huku nikikoroga chai.

Lakini nilimsikia vingine. Shamba hili nililipigania na wajomba zako, waliosema msichana harithi, wakaleta hata mchungaji aniambie nikaolewe. Nililipata kwa meno. Na juu ya hayo, sisi tuliotoka mbali, kila mwaka wa uchaguzi kuna mtu anatuuliza tulikuja lini na tutarudi lini. Kwa hiyo mtu alipotaja kaburi la kabla ya wazungu, mimi sikusikia nyanya. Nilisikia: leo kaburi, kesho shamba. Nikamwambia alete cheti. Cheti cha kifo cha mwanamke aliyekufa kabla ya karatasi kufika nchini! Nilijisikia mjanja sana.

Akaenda kwa chifu. Wiki mbili kabla ya baraza, upepo ukauangusha mti. Ulianguka upande wangu, na mimi niliona ni ishara. Nikamwita mwenye msumeno wa mashine, akanikatia kipande cha shina kipana kama sinia ya harusi. Nilikuwa nimesoma kwamba mti huandika miaka yake, mstari kwa mstari: mvua ikiwa nzuri mstari unanenepa, ikikosekana unakonda. Nikasema, huyu shahidi hahongwi.

Tulihesabu mimi na wewe pale verandani, Jumapili baada ya kanisa. Hilo hujalisahau. Ulikuwa na kopo la pini za cucu za kushonea. Kila tulipofika mstari wa kumi ulichoma pini. Pini kumi na mbili, na mistari sita juu. Ukaruka: "Mami, mia moja ishirini na sita! Ni mzee kuliko cucu!" Nami nikapiga hesabu kichwani na tumbo likashuka. Toa mia na ishirini na sita. Mti ulikuwa umechipuka zamani sana kabla ya mzungu yeyote kupanda kahawa hapa. Nyanya wa Simiyu angeweza kabisa kuzikwa kwenye kivuli chake.

Mti ulikuwa umemtolea ushahidi Mzee Simiyu.

Sasa nisome vizuri hapa, kwa sababu hili sikuwa nimemwambia mtu mpaka wiki iliyopita. Sikukosea hesabu. Nililikalia lile jibu kama mtu aliyekalia msumari, na nikaanza kutafuta namna ya kuinuka. Alasiri ile ile nikafungua kitabu cha jografia, nikaikuta ile sentensi: misimu miwili ya mvua kwa mwaka. Nikajiambia, mvua mbili, basi mistari miwili kwa mwaka. Gawa mbili. Sitini na tatu. Mti ni mtoto wa juzi. Mzungu alikuwa tayari ameshazungusha waya ulipochipuka. Nilisikia raha kama mtu aliyekunywa maji. Kosa la baba yangu, lile la maharage, lile nililolicheka, nililichimbua lilikozikwa nikalivalisha suti. Yeye angalau alilipanda ardhini, mahali ambapo jua lingeweza kumwadhibu. Mimi nililipanda kwenye mdomo.

Baraza unalikumbuka. Nilibeba kile kipande kwa toroli. Niliongea nusu saa, bila karatasi. Niliwaeleza mvua za njahi na za mwere kana kwamba naongea na wakulima wa Nyeri, na nusu ya waliokaa pale walikuwa wa kwetu, wakatikisa vichwa kukubali, kwa sababu kalenda ile ile ilikuwa imelala vichwani mwao. Halafu Mzee Simiyu akasimama. Hakuwa na kitabu. Alisema jambo ambalo leo naliona ndilo lililokuwa na sayansi kuliko yote yaliyosemwa siku ile.

"Mimi naitwa Simiyu. Kwetu jina hilo ni la mtoto wa kiangazi. Ndugu yangu ni Wafula, wa mvua. Dada yetu ni Nekesa, alizaliwa watu wakivuna. Sisi mwaka tunaujua kwa majina ya watoto. Kiangazi ni kimoja. Mavuno ni ya mara moja. Viangazi vingekuwa viwili, si akina Simiyu wangezaliwa mara mbili kwa mwaka? Mwalimu, huo mstari wa pili mti uliupata wapi?"

Angalia swali hilo. Huo mstari wa pili mti uliupata wapi. Ungeliweka kwenye mtihani wa chuo kikuu.

Nami nikamjibu, "Mzee, mti haukubatizwa. Hausomi majina." Watu wakacheka mpaka chifu akapangusa macho. Nilipenda kile kicheko. Nikiwa mkweli, bado nakisikia na bado kinanipa joto kidogo, na hiyo ndiyo aibu yenyewe.

Ndipo ukanivuta sketi. Ulisema kwa sauti ya kusikika safu ya mbele: "Lakini Mami, hapa mvua ya mwere hainyeshi. Na tulihesabu mia moja..." Nikakuambia, "Nyamaza. Watu wazima wanaongea." Sikupaza sauti. Nilikuangalia tu vile ninavyowaangalia wanafunzi. Ukanyamaza. Ulinyamaza vizuri sana, Wambui. Ulinyamaza miaka kumi.

Nikashinda. Zizi likajengwa. Mzee Simiyu akauza kipande chake mwaka uliofuata akarudi Bokoli. Kile kipande cha mti nikakipiga randa na vanishi, nikakitia miguu mitatu, na tangu siku ile kila mgeni wa nyumba hii amewekewa kikombe juu ya ushindi wangu.

Baada ya kusoma insha yako nilingoja urudi chuoni. Kisha nikaipindua meza miguu juu, nikachukua msasa, nikausugua upande wa chini ambao haukupakwa vanishi mpaka mistari ikatoka kama nyuzi za kitambaa. Nilitumia ujanja wako, ule uliomweleza shangazi yako jikoni mwaka jana ukidhani sisikilizi: usianze katikati, anza kwenye gome, kwa sababu mwaka wa gome unaujua. Mti ulianguka mapema tisini na nne, kabla mvua haijaanza, kwa hiyo mstari wa gome ni wa tisini na tatu. Nikarudi nyuma. Mstari wa kumi ulikuwa mwembamba kama unywele. Mwaka wa themanini na nne, Wambui. Mwaka wa njaa, wa mahindi ya manjano ya msaada. Ulikuwa na miaka miwili na nilikupikia uji wa mahindi yale ukautema. Kama kweli mti ungekuwa unaandika mara mbili kwa mwaka, njaa ile ingekaa kwenye mstari wa ishirini. Wa ishirini ulikuwa mnene, umeshiba. Nikaendelea mpaka wa thelathini na tatu: mpana kuliko majirani zake wote. Sitini na moja, ile mvua iliyokataa kukoma nchi nzima, iliyobomoa jiko la mama yangu kule Nyeri nikiwa na miaka saba.

Nilikaa pale kwenye sakafu ya veranda. Ushahidi wote ulikuwa ndani ya nyumba yangu. Nilikuwa nimeuwekea vikombe.

Najua utaniambia nini. Mistari miwili iliyolingana na miaka yake haitoshi. Kuna mistari ya uongo. Mvua ikikatika mwezi wa sita mti waweza kudanganyika ukaandika mara ya pili. Kuna miaka ambayo mti hauandiki kabisa upande mmoja. Pengine si mia na ishirini na sita. Pengine ni mia na kumi na tano, au mia na thelathini. Sawa. Nimejifunza kukaa na neno "pengine", ingawa kwangu ni kama kutafuna mchanga. Lakini sitini na tatu si jibu. Hilo naweza kulisema bila pengine.

Wiki iliyopita, ulipodhani nimeenda mkutano wa walimu Kimilili, nilikuwa nimeshuka Webuye nikachukua boda boda mpaka Bokoli. Nilimkuta Mzee Simiyu nje ya nyumba yake, amefungua injini ya mashine ya kusaga juu ya gunia, mikono myeusi. Amezeeka lakini ulimi wake uko palepale.

"Ati nani huyu? Mwalimu! Umepotea ama umetumwa?"

"Nimejituma, Mzee."

Mkewe akatoka jikoni akipangusa mikono. "Ndiye huyu? Yule wa kugawa mbili?"

"Ndiye mwenyewe bana. Mletee kiti." Akanigeukia. "Usishtuke, Mwalimu. Hapa kwetu mtoto akila nyama ya mwenzake akasema alikula kidogo, tunamwambia amegawa kama mwalimu. Umekuwa methali."

Nikamwambia yote. Pini, kitabu, sentensi, jibu nililolikimbia. Sikupamba. Aliendelea kusafisha kifaa kimoja kidogo kwa kitambaa muda wote, akikizungusha.

"Kwa hivyo ulijua," alisema.

"Nilijua nusu. Ile nusu nyingine niliitafutia kitabu."

"Zizi bado liko pale?"

"Liko."

"Kwa hivyo ng'ombe wamesimama juu ya nyanya yangu miaka kumi."

"Ndiyo."

Akakiweka kile kifaa juu ya gunia. Kisha akauliza, polepole tu, kama mtu anayeulizia habari za mahindi: "Na maziwa yalikuwa matamu?"

Wambui, wewe unajua mimi sijawahi kukosa jibu. Nimejibu maaskofu. Nimemjibu mkuu wa wilaya mbele ya askari wake. Pale Bokoli nilitazama viatu vyangu.

Mkewe ndiye aliyenihurumia, akaleta chai. Mzee akauliza habari zako. "Yule msichana wa pini yuko wapi? Yule alikuvuta nguo?" Nikamwambia: anaenda ng'ambo kusomea miti. Kusoma mvua ndani ya miti. Alicheka mpaka akakohoa, akapiga goti kwa ile mikono ya grisi.

"Basi mti umejitafutia wakili!" Halafu akawa makini. "Sikia, Mwalimu. Msamaha wangu uko, lakini usiniombe mimi kwanza. Mimi nilikuwa mtu mzima, nilikuwa na mdomo wangu, nilisema langu. Yule mtoto ulimfunga wake. Anza na huyo. Halafu mimi nitakuja, na hayo maneno utayasema mbele ya watu. Si ulinichekesha mbele ya watu?"

Ndiyo maana ya barua hii. Naanza na wewe.

Ulisema kweli, na nilijua unasema kweli, na nilikunyamazisha kwa sababu hiyo. Nisamehe.

Sasa kuhusu huko unakoenda. Sitakuambia uwe mnyenyekevu. Sikukuzaa kwa kazi hiyo, na waliojaa unyenyekevu wameuacha msitu wa Elgon ukakatwa mbele ya macho yao wakisema "tutafanyaje". Nenda ukabishane. Huku nyuma watu wanabishana kila siku juu ya mvua bila kipimo chochote. Mzee mmoja sokoni Moi's Bridge aliniambia mvua imeharibika tangu wanawake waanze kuvaa suruali. Afisa mmoja akasema haijaharibika hata kidogo, ni wakulima wavivu wanaochelewa kupanda. Wote wawili hawajui mvua ya babu zao ilikuwaje, na mahali ambapo hakuna anayejua, mwenye sauti kubwa ndiye hali ya hewa. Nimekuwa sauti kubwa. Najua ninachosema. Kwenye mihimili ya nyumba kuukuu, kwenye nguzo za mwerezi walizosimamisha wazungu na ambazo bado zinashikilia waya, kwenye visiki vya mlimani, kuna mvua za miaka ambayo hakuna mtu aliyezipima. Mtu akizisoma, mkulima wa Endebess ataweza kumwuliza afisa swali ambalo halikwepeki kwa kicheko.

Umeniambia kuna wataalamu wanaosema miti ya karibu na ikweta haiandiki vizuri, kwa hiyo usipoteze muda. Nilitaka kukuandikia hapa: haiandiki, au wao hawajui kusoma? Ona ilivyo tamu sentensi hiyo. Nimeigeuzageuza mdomoni tangu asubuhi. Na kwa sababu ni tamu, iogope. Pengine wana haki kuhusu mti huu na si ule. Sentensi zangu tamu zaidi ndizo zilizonigharimu. Zile za ukweli zilikuja zimevaa ovyo, kama Mzee Simiyu na kofia mkononi. Siku utakayopata jibu na tumbo likashuka, hilo ndilo jibu la kukaa nalo. Siku utakayopata jibu na ukasikia raha ya maji baridi, rudi kwenye gome uhesabu upya.

Baba yangu alipanda maharage mara tatu. Mwaka wa nne, mwezi wa kumi, nilimwona akitoka na debe la mbegu, akasimama, akatazama juu muda mrefu, akarudi nalo ndani. Sisi hatukucheka. Nilidhani ameshindwa. Leo nadhani ilikuwa siku yake kubwa kuliko ile aliyonunua hisa.

Meza nimeikata katikati kwa msumeno wa mkono, na mkono umenivimba. Ulisema hamhitaji mti mzima, mnahitaji njia moja tu kutoka gome mpaka moyo. Nusu moja iko chini ya kitanda chako, imefungwa kwa kanga ya cucu. Sina hakika uwanja wa ndege watasemaje, kwa hiyo nimekuandikia cheti kwa mkono wangu kwamba ni samani, na angalau mara hii ninachoandika ni kweli. Vanishi utaitoa huko. Nusu ya pili Mzee Simiyu ataichukua kesho aisimamishe pale kwenye pembe, kaburini kwa nyanya yake. Hatua kumi kwa kumi nimeshazipima na kupiga vigingi. Nilipiga kumi na mbili kwa kumi na mbili, kwa sababu hatua zangu ni fupi kuliko zake.

Kesho saa mbili mchungaji atafungua kwa sala, shangazi yako atalia, kwaya itaimba beti nyingi kuliko inavyohitajika. Kisha wataniita mimi, mzazi, nitoe neno la baraka. Nimeagiza viti vya kutosha. Wengi wa waliocheka siku ile watakuwepo, na Mzee Simiyu nimemwekea kiti mbele. Badala ya baraka wanayoitegemea nitawahesabia mti: pini kumi na mbili, na mistari sita.

Mimi najijua. Nikishika hadhira ulimi unapata mabawa. Naweza kuanza kwa kweli nikaipamba katikati, nikajifanya shujaa wa kukiri, nikawachekesha mahali ambapo hapachekeshi. Kwa hiyo simama karibu nami, upande wa mkono wa kulia, kama siku ile. Ukisikia namba isiyo yenyewe, hata moja, usingoje nimalize na usiombe ruhusa. Nivute sketi. Nikatize, sauti ifike mpaka safu ya nyuma.

Mimi nitanyamaza.

Mamako